Umenililia Ningali Hai

Louisville, Kentucky
18 Machi 2024

Mdogo wangu Nzigire,

Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu yangu hupokei tena, na hata ungeipokea tungekatizana maneno kabla ya kufika popote. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Buffalo na theluji imepungua.

Tumemzika dada yetu Laurentine, Mungu ampe pumziko. Walikuja Whitehall watu kutoka Dayton, Nashville, hata Michigan. Siku ile nilipaswa kuwashukuru nikiwatazama machoni. Badala yake niliwapa mkono huku nimeinamisha uso, kwa ajili ya ulichokifanya jioni ya kumuaga, mbele ya sanduku lake.

Mambo yalikuwa yanakwenda kwa utaratibu. Sala ilikwisha, akina mama wanaimba, mume wake Hyacinthe ameketi na watoto, mimi kando yao. Ukainuka, ukavua kitambaa kichwani. Ulianza kwa Mashi nikadhani utaishia hapo, kwa vile ni wazee wachache tu wangeelewa. Kisha ukageuza kwa Kiswahili. "Laurentine, nani alilala kando ya kidonda chako akasema hasikii harufu? Hyacinthe, ulimtazama dada yangu akioza, ukanyamaza." Ulisema hivyo mbele ya Grâce na Bonheur, mbele ya wenzake wa kazini na kwaya nzima. Vijana walikuwa wameinua simu. Kabla hatujafika makaburini kesho yake, video ilikuwa imeshafika Bukavu.

Nzigire, sisi tumeokoka. Kilio cha kuimba huku unawasema walio hai tulikiacha Kabare. Mama Nyarugabo ananiambia kwamba hayo umeyatoa kwa bibi mzungu unayemtunza. Kama ni kweli, aibu imekuwa mara mbili.

Nataka umwandikie Hyacinthe umwombe radhi. Nakala uniletee mimi, niisome mbele ya familia.

Kaka yako,
Aganze


Buffalo, New York
27 Machi 2024

Kaka Aganze,

Barua imefika. Sitamwandikia Hyacinthe.

Wewe hukuingia kile chumba cha nyuma kwenye nyumba ya mazishi. Tuliingia mimi na Mama Nyarugabo, jirani yao, kumvisha. Yule mfanyakazi wa pale aliuliza kama tunahitaji msaada tukamwambia hapana. Nilipofunua shuka nikaona titi la kushoto. Sitakuandikia nilichokiona. Nitasema tu kwamba hakikuwa kitu cha mwezi mmoja, wala cha nusu mwaka. Lilikuwa limefungwa kwa vipande vya shuka ya kitandani, vimefuliwa na kufuliwa tena mpaka vimekuwa kijivu. Mama Nyarugabo alishindwa, akatoka. Nilimaliza kumvisha peke yangu.

Sisi tuliambiwa ni nimonia. Sawa. Mwanamke anaweza kumficha dada aliye Buffalo, anayemsikia kwenye simu Jumapili kwa Jumapili. Anaweza kumficha kaka aliye Louisville. Lakini mume yuko naye kitanda kimoja, na pua anayo.

Sasa kuhusu bibi mzungu. Anaitwa Peg Tierney, anakaa South Buffalo, kule kwa watu wenye asili ya Ayalandi. Asubuhi namwogesha, mchana tunakunywa chai, na chai ikishaingia anaanza kusimulia. Bibi yake mzaa mama alikuwa mwombolezaji huko Ayalandi. Ilikuwa kazi yake, aliitwa misibani kama sisi tunavyomwita mpiga ngoma. Maiti inalazwa sebuleni. Saa ya ukutani inasimamishwa, kioo kinafunikwa nguo, dirisha linaachwa wazi ili roho ipate njia. Karibu na mlango pana sahani ya tumbaku na viko vya udongo, na kila anayeingia anavuta na kumwombea marehemu. Vijana wanacheza usiku kucha. Wanafungishana ndoa za mzaha, mmoja amevaa kama padre. Wanarushiana viazi. Wanacheza karata na marehemu anagawiwa zake, zinawekwa kifuani. Peg anasema kuna msiba mmoja ambapo mtu alifunga kamba kwenye mkono wa maiti akauvuta ukainuka, na nusu ya watu wakakimbia nje kupitia dirishani. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni.

Ila akina mama waombolezaji wakishaingia, michezo inakoma. Mmoja anakaa kichwani, mwingine miguuni. Wanamwita marehemu kwa jina, wanataja ukoo wake, wanamuuliza kwa nini ameondoka. Na kama palikuwa na dhuluma, mume mpigaji au ndugu aliyenyang'anya shamba, mwombolezaji anaitaja hapo hapo. Anayetajwa hajibu. Mapadre walilichukia sana jambo hilo. Padre mmoja alimfukuza bibi yake Peg makaburini kwa mjeledi, naye akaendelea kuomboleza huku anakimbia.

Nikamwambia, "Bibi, mbona hayo ni ya mama yangu." Unakumbuka, Kaka. Kwenye msiba wa shangazi, mama alisimama mbele ya mume wa shangazi akamwambia njaa yote aliyomlaza nayo. Mzee yule aliinamisha kichwa mpaka mama akamaliza, na hakuna aliyemdai mama radhi. Ulikuwepo, na ulikuwa mkubwa kuliko mimi.

Sikupanga. Nilifungua mdomo nikidhani nitamwita dada yangu tu. Hayo ndiyo yaliyotoka. Na Hyacinthe alikaa pale kama mtu anayengoja basi. Hakukana.

Nzigire


Whitehall, Ohio
14 Aprili 2024

Shemeji Nzigire,

Kaka yako ameniambia hutaki kuniandikia. Bon. Mimi nitakuandikia mara moja, mambo yawe wazi.

Vifurushi usitume tena. Kile cha masweta nimekirudisha posta. Grâce na Bonheur hawatakuja Buffalo kwenye likizo. Wakikupigia kwa kujificha, waambie baba yao amekataa.

Kwenye ghala ninakofanya kazi tuko Wakongo wengi. Saa ya kula wanaitazama ile video, simu wameiweka chini ya meza. Nikikaa, mmoja mmoja anakumbuka ana shughuli mahali pengine. Kwenye kwaya nilikuwa naimba besi tangu tufike nchi hii. Mkubwa wa kwaya aliniambia nipumzike kidogo kwa sababu ya majonzi, na Jumapili iliyofuata nafasi yangu ilikuwa na mtu. Bonheur aliulizwa na mwenzake shuleni kama ni mimi nilimuua mama yake. Ana miaka tisa. Alikuja kuniuliza kwa Kiingereza, kwa sababu kwa Kiswahili hakujua aseme vipi.

Unasema sikukana. Hata mimi nimezaliwa Bushi, najua kilio hakijibiwi. Lakini kilio ni cha mtu aliyekufa. Mimi umenililia ningali hai, na watu wanapita wakiamini wamekwisha kunizika.

Dada yako aliniomba neno moja kabla hajapoteza fahamu. Nililikubali. Usiniulize.

Hyacinthe


Buffalo
22 Aprili 2024

Shemeji,

Nauliza. Aliomba nini?

Kama neno lenyewe linahusu kile kidonda, mimi ni wa tumbo moja naye na nina haki. Unaniambia habari za kwaya na za watu wanaoinuka mezani. Mimi nakuuliza habari za Laurentine. Ulimpeleka kwa daktari lini? Nitajie siku moja tu, sitaki mbili. Ukiwa nayo, nitasimama mwenyewe mbele ya hao wote walioinua simu niseme nilikosea. Kama huna, endelea kunyamaza, umeshazoea.

Masweta nimewapa watoto wa jirani.

Nzigire


Louisville
20 Mei 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Nimesikia ulimwandikia Hyacinthe na hajakujibu. Mwache. Nimeomba sana juu ya jambo hili na nimeona kwamba ile barua ya radhi haina haja tena. Watu wameanza kusahau. Tukizidi kuuliza nani alijua na lini, tutamsumbua marehemu na kuwatonesha watoto.

Tutaondoa matanga mwezi wa nane, hapa Louisville, kanisani kwangu. Watu watashuhudia jinsi Laurentine alivyomtumaini Mungu. Njoo ukae mbele na familia. Nimekutumia kitenge cha sare, nyeupe na zambarau, umtafute fundi mzuri huko. Ninachokuomba ni kimoja, usilie kwa sauti.

Mke wangu anakusalimu. Hata wewe jipumzishe, mdogo wangu. Kazi za kutunza wazee zinachosha mwili na zinachosha akili.

Kaka yako anayekupenda,
Aganze


Buffalo
11 Juni 2024

Kaka,

Bibi Peg amefariki. Alikuwa kwenye kiti chake baada ya chakula cha mchana, redio inasema. Nilidhani amesinzia.

Siku hizi msiba wao ni jioni moja tu, ndani ya jumba lenye zulia. Pana kahawa na biskuti, na picha zake zinabadilika zenyewe kwenye televisheni. Watu wanapanga mstari, wanampa mkono binti yake Sheila, wanasimama kidogo mbele ya jeneza, wanaondoka zao. Na walikuwa wanacheka, Kaka. Mpwa wake alisimulia jinsi Peg alivyomlowesha mhubiri mmoja mlangoni kwa mpira wa kumwagilia maua, watu wakashika mbavu. Mwingine aliigiza anavyotembea. Nikaona kwamba hiyo ndiyo michezo ya zamani, imebaki hivyo. Kicheko wamekitunza. Maombolezo wameyaacha kabisa.

Aliwahi kuniomba nimlilie. Nilikuwa nakata kucha zake. Aliniambia, "Lia kwa lugha yoyote, nitakuelewa." Kwa hiyo nilikwenda mpaka kichwani pake nikamwita kwa jina lake kamili. Margaret, binti wa Nora, mjukuu wa mwanamke aliyelia akikimbia. Mara ya pili nilipandisha sauti. Sheila akaja akanishika kiwiko, kwa upole, akasema, "Asante sana, Nzigire, asante. Lakini kuna watoto." Akanitoa nje ya chumba, akaniletea maji, akarudi kwa wageni wake. Hakunikasirikia. Miaka yote niliyokaa nchi hii sijajiona mgeni kama nilivyojiona pale, nimeshika glasi ya maji nisiyo na kiu nayo.

Nikiwa nimesimama hapo niliifikiria barua yako. Mwezi wa tatu ulitaka nimwandikie Hyacinthe, nakala juu yake, isomwe mbele ya familia. Mwezi wa tano hutaki tena. Nilipoanza kumuuliza kuhusu daktari, ndipo ulipoacha kutaka. Hyacinthe ni yule yule na mimi ni yule yule. Wewe umepatwa na nini?

Kitenge kimefika. Sijakipeleka kwa fundi.

Nzigire


Whitehall
30 Juni 2024

Mama mudogo Nzigire,

Papa hajue kama niko nakuandikia. Kiswahili yangu ya kuandika ni mubaya, unisamehe, ku masomo ni Kiingereza tu. Lakini nikiandika Kiingereza utaitisha mutu akusomee, na sitaki mutu mwengine asome.

Niliona barua yenye uliandikia papa. Uliuliza siku moja tu yenye alipeleka mama kwa munganga. Mimi nilikuwa ndani ya motokari, donc najua. Mara ya kwanza mama aliingia, wakamupima, wakasema lazima wamupasue haraka. Aliogopa lakini alikubali. Kisha Tonton Aganze akaanza kumupigia kila asubui, wanaomba pamoja ku simu. Alimwambia Mungu amekwisha kumuponesha, na kama akienda kupasuliwa ni kusema Mungu ni muongo. Tukaenda Louisville. Tonton akamusimamisha mbele ya kanisa yote, akasema huyu dada yangu amepona. Watu walifurahi, wengine walianguka chini. Mama alikuwa na kidonda chini ya robe.

Papa alichukua randevu ingine, na ingine. Tunafika, mama anakataa kutoka ndani ya motokari. Papa analia pale ku parking, mama anasema, "Hyacinthe, usinifanye mutu wa kukosa imani mbele ya kaka yangu." Mimi na Bonheur tuko nyuma. Nilikuwa namuwekea muziki mu masikio asisikie.

Ile bitambaa ya kidonda, ni papa alikuwa anafua. Na mikono yake, mu bafu.

Ku hopitali mama alimuomba papa asiambie mutu, juu Tonton atapoteza kanisa na bagonjwa bengine batavunjika roho. Papa aliapa. Mimi hakuna mutu aliniapisha.

Siku ile yenye ulilia nilikuwa nimesimama karibu na papa. Ulilia muzuri sana, Mama mudogo. Hata mimi, kidogo, nilikuamini.

Grâce


Buffalo
8 Julai 2024

Aganze,

Leo sikuiti kaka.

Najua ulivyomsimamisha Laurentine mbele ya kanisa lako akiwa na kidonda chini ya nguo. Usihangaike kumtafuta aliyeniambia. Hyacinthe hajafungua mdomo, kama ndilo unaloogopa.

Jioni ile ulikuwa umeketi kando yake. Nilimlaani mtu mbele ya watoto wake, na wewe uliyejua ulikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa bega. Uliinamisha uso nikadhani unaona haya kwa ajili yangu. Kisha ukaniandikia eti niombe radhi. Ukataka uisome wewe.

Ulimwambia mwanamke anayekwenda kutibiwa kwamba akitibiwa amemtukana Mungu. Alikusikiliza kwa sababu ulimlea baada ya baba kufa, na kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukukatalia kitu nyumbani kwetu. Hata mimi ningekusikiliza.

Siku ya kuondoa matanga utasimama uwaambie watu wako alikufa kwa nini, kwa mdomo wako. Usiposema, nitalia mimi, na nitakutaja kwa jina lako na la baba.

Nzigire


Louisville
19 Julai 2024

Nzigire,

Unadhani nilimdanganya. Niliamini. Nilikuwa nafunga siku tatu kila juma kwa ajili yake. Kama Hyacinthe angekuwa na imani hata kidogo badala ya kumvutavuta kwa madaktari, pengine leo tungeandikiana mengine. Hilo hujalifikiria.

Hapa kanisani nina mama mwenye kisukari, nina kijana wa figo, nina watu waliotoka kambi za wakimbizi na magonjwa usiyoyajua. Wote walisimama siku ile kwa ushuhuda wa Laurentine. Niwaambie nini sasa? Wakianguka, utawainua wewe kutoka Buffalo?

Wazee wa kanisa wamekaa. Wameamua matanga yaondolewe bila wewe. Mlangoni watakuwepo watu, kwa hiyo usijisumbue na safari.

Na fikiria jambo hili kabla ya kupanda basi. Mara ya kwanza ulimlilia Hyacinthe, watu wakakuamini. Leo ukija na jina jingine, watasema mwanamke huyu kila msiba ana mshtakiwa wake. Hyacinthe mwenyewe amenyamaza. Wewe ni nani useme zaidi ya mume?

Aganze


Buffalo
20 Agosti 2024

Shemeji Hyacinthe,

Najua ulisema utaandika mara moja tu. Hii hulazimiki kuijibu.

Nilikwenda Louisville. Kanisa la Aganze liko kwenye jengo lililokuwa duka la fanicha, na maegesho makubwa mbele, hakuna kivuli. Mlangoni walisimama wanaume wawili ninaowafahamu. Mmoja nilimpikia harusi yake. Aliniambia, "Mama, tumetumwa tu." Sikumsumbua. Nilirudi katikati ya maegesho nikavua kitambaa.

Nililia kwa Mashi, kisha kwa Kiswahili. Nilisema Laurentine alikubali kupasuliwa na kaka yake akamkataza. Nilisema mume wake alimpeleka, akamsihi, akamfulia. Nilisema kwamba jioni ile Whitehall nilimtaja asiye na kosa. Nilimtaja Aganze kwa jina lake na la baba. Ndani wakaongeza sauti ya kinanda na ngoma. Waliochelewa walipita kando yangu na masufuria ya chakula, macho chini. Walidhani ni majonzi yamenipanda kichwani. Nilimsikia mwanamke akimwambia mtoto wake asinitazame.

Mmoja tu alisimama. Mama wa makamo, miguu imevimba, amevaa ndala kwa sababu viatu havimwingii. Aliuliza, "Unasema Laurentine hakupona?"

"Hakupona," nikamwambia. "Alikufa na kidonda kile kile."

Alinitazama sana. Kisha akasema, "Pole na msiba, mama," akaingia ndani.

Nilirudi Buffalo bila sauti. Tangu hapo nimewaandikia wote ninaojua walitazama ile video, nikawaambia nilikosea. Wengi wamenyamaza. Mmoja amejibu, ameniuliza umenihonga nini.

Niliona kitambaa cha kijivu nikasema mume hakujali. Sikujiuliza nani alikuwa anakifua. Nimekuvunjia jina lako, na kukuvunjia ilikuwa rahisi kwa sababu nina kipaji. Kulijenga upya sijui linajengwaje. Ninakuomba radhi. Aliyenieleza usimgombeze.

Nzigire


Whitehall
9 Septemba 2024

Shemeji,

Sikumgombeza. Nilijua ni yeye hata kabla sijamaliza ukurasa. Ameanza kusimama kama mama yake anapojua amefanya jambo la haki.

Radhi yako nimeisoma, na sijui niiweke wapi. Kwaya hawajaniita. Kazini nimehamia zamu nyingine, na huko pia walishaniona kwenye simu kabla hawajaniona mimi. Anayekaa nami saa ya kula ni Mmarekani mmoja mzee, kwa kuwa hajui Kiswahili. Kaka yako aliniletea picha za kuondoa matanga. Wameshona sare, wamependeza. Yule mama mwenye miguu iliyovimba uliyemwandika, nilimwona kwenye picha, mstari wa mbele, mikono juu.

Kuna jambo nitakuambia, kisha tusilirudie. Mimi sijamlilia Laurentine. Jioni ile nilikuwa nangoja akina mama wamalize. Mume naye ana zamu yake kabla sanduku halijafungwa, wewe unajua. Nilikuwa na maneno. Nilitaka kumwita kwa jina alilokuwa nalo kambini, watu wasilolijua. Nilitaka kumgombeza mbele ya wote, nimwambie alimwogopa kaka yake kuliko alivyonipenda, na kwamba nimemsamehe hilo. Ukainuka wewe. Ulipomaliza, hapakuwa na mtu mle ndani ambaye angesikia kilio changu asidhani ni cha muuaji. Nikakaa. Wakafunga.

Tangu siku ile najaribu nikiwa peke yangu barabarani. Nafungua mdomo nimwite, na yanayokuja ni maneno yako. Nayajua yote, kuanzia yale ya Mashi. Yalikuwa mazuri, shemeji. Ndiyo maana hayatoki.

Grâce anataka kuja kwako likizo ya Novemba. Nimemruhusu. Atakuja kwa basi, umpokee kituoni. Hapendi maharage. Bonheur atabaki na mimi, sauti yako bado inamwogofya.

Atataka kumlilia mama yake huko kwako, naona ndilo linalompeleka. Mwache alie mpaka atosheke. Wewe kaa kimya.

Hyacinthe